Upande wa Kushoto wa Kapteni Gachanja

Picha zilikuwa thelathini na moja, na katika zote hapakuwa na mtu aliyesimama kushoto kwa Kapteni.

Beth Nyawira hakuliona hilo mara moja. Mtu anayesafisha picha za zamani kwa riziki yake huangalia kwanza madoa, mikunjo na kingo zilizoliwa na mende. Sura za watu huja baadaye. Studio yake ilikuwa orofa ya kwanza mjini Thika, juu ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mimea na mifugo, na kazi yake kubwa ilikuwa vijitabu vya matanga. Huku kwetu mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha ya harusi, picha ya shambani, na wasifu uliojaa sifa ambazo marehemu mwenyewe angeshangaa kuzisoma. Familia ikikosa picha ya mama pamoja na mtoto aliyekuwa ng'ambo, Beth aliwaunganisha. Alikuwa amewasimamisha maharusi kando ya baba waliokufa miaka kumi kabla ya harusi. Alikuwa amemvisha suti mzee ambaye maisha yake yote hakuvaa zaidi ya koti la mvua. Watu walizipokea wakilia kwa shukrani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba kuna ubaya.

Hizi za Kapteni zililetwa na Kiama, mjukuu wake, mwanamume wa miaka hamsini mwenye haraka zake. Kapteni Gachanja alikuwa mtu wa kwanza wa upande ule kurusha ndege. Alinyunyizia dawa kahawa ya mashamba makubwa kutoka Ruiru hadi Thika, na watu waliacha majembe wakamtazama. Alipostaafu akawa mtu wa hadhara, na picha hizi zilikuwa za wakati huo: akikata utepe wa zahanati, akigawa zawadi shuleni, akiweka jiwe la msingi la kanisa, akikabidhiwa mbuzi kwenye harambee. Jumapili familia ingefanya ibada ya kumkumbuka huko Ruiru, miaka ishirini tangu afariki.

"Zikae safi, Madam," Kiama alimwambia. "Ukipata kitu inakaa vibaya, rekebisha tu. Tunataka watu waone mzee vile alikuwa."

Beth alipofika picha ya nne ndipo mkono wake ulisimama. Wanafunzi walikuwa wamebanana, wa mwisho karibu atoke nje ya picha, na bado kando ya Kapteni palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nyasi zikionekana. Akarudi nyuma akazipitia zote upya. Kwenye picha ya kanisa palikuwa na nafasi. Kwenye karamu palikuwa na kiti kitupu na mbele yake sahani ya pilau. Mke wa Kapteni, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa, kila mara alikuwa nyuma, kama mgeni.

"Mzee alikuwa na maringo huyu," Beth alisema peke yake, akacheka.

Basi akarekebisha. Pengo kwenye picha ya watu ni aibu kwa fundi, na yeye hakuwa fundi wa kubahatisha. Aliwavuta watu mmoja mmoja hadi mabega yakagusana, akakifuta kiti, akaifuta sahani. Thelathini zikaisha vizuri. Ile ya thelathini na moja, ya zahanati, ndiyo iliyokataa. Ilikuwa ya jalada, na watu walikuwa wameshika utepe pande zote mbili. Ukimvuta mmoja utepe wote unapinda. Hapo palitaka mtu. Alitafuta kwenye mashine yake mwanamume wa suti nyeusi, mwanga ukimjia kutoka kushoto, kichwa kimeinama kidogo, na aliyefaa alikuwa mumewe mwenyewe, Dismas, siku ya harusi yao. Akampunguza, akamfanya wa rangi ya majivu kama wengine, akamweka pale. Hata mama yake mzazi asingemtambua.

Alipobonyeza kuhifadhi, ndege ndogo ilipita juu ya jengo, chini sana, madirisha yakatetema. Mlio ukakatika. Beth alikaa akiusubiri uendelee na haukuendelea. Hakukuwa na kishindo, hakukuwa na kelele za watu barabarani, na matatu ziliendelea kupiga honi kama kawaida. Harufu ya dawa ya kahawa ikajaa chumbani, ile kali inayokaa kooni. Akamlaumu Mwau wa agroveti kwa kumwaga vitu vyake. Lakini aliposhuka kwenda nyumbani alikuta agroveti imefungwa kwa kufuli, na mwanamke muuza viatu aliyekuwa mlangoni akamwambia Mwau alisafiri tangu asubuhi.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Dismas alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa mkubwa, mpole, na mwenye woga mmoja tu ambao mtaa mzima wa Landless uliujua na kuuchekea: aliogopa kwenda juu. Waliishi nyumba ya chini kwa sababu hiyo. Balbu ikiungua, Beth ndiye aliyepanda stuli, na Dismas aliishika kwa mikono miwili huku amefumba macho.

Jioni hiyo Beth alimkuta amesimama juu ya stuli katikati ya sebule. Hakuwa na balbu mkononi.

"Baba Auma, unafanya nini huko?"

"Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Huko chini," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu kizuri.

Akashuka, akala ugali wake, akauliza kama binti yao Auma alikuwa amepiga simu kutoka shule ya bweni. Alikuwa Dismas yule yule. Ila alipokuwa akila alisogea kulia kwenye benchi, akaacha nafasi upande mmoja, na shati lake lilinuka ile dawa.

Ijumaa Beth alikuja kuitwa na jirani yao Aoko, mwanamke wa sauti kubwa ambaye siku hiyo alinong'ona. "Mama Auma, kuja. Mzee wako amekaa kwa rail ya third floor. Na miguu imening'inia nje." Beth alipanda ngazi mbili mbili. Dismas alikuwa ameketi kwenye ukingo ule, mikono mapajani, akiutabasamia ukungu wa Julai, na midomo yake ilikuwa ikisogea kama ya mtu anayejibu maswali. Beth alimshika mshipi wa suruali akamvuta ndani.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Si huyu," Dismas alisema, akigeuza kichwa kushoto. Kisha uso wake ukabadilika, akatazama mahali alipokuwa ameketi, akafumba macho. "Beth. Nimefikaje hapa?"

Kazini hakwenda tena. Jumamosi walimwita Pasta Njau, akaja na mafuta na wazee wawili wa kanisa. Walikemea saa nzima. Dismas alipiga magoti, akaitikia amina zote mahali pake, hata akawaandalia chai. Pasta akatoka ameridhika, akasema amefunguliwa. Hawajafika hata langoni, Aoko akapiga kelele: Dismas alikuwa juu ya paa la jengo lote, ghorofa nne, mikono ameitandaza, na juu ya ukungu ndege ndogo ilikuwa ikizunguka, ikizunguka, mtu haioni. Wanaume sita walimshusha. Mtaani neno lilikuwa limeshasemwa. "Hiyo ni jini," mama mmoja alisema bila hata kupunguza sauti. "Maombi ya saa moja haitoshi."

Beth alimfungia ndani, akalala kwenye mlango. Aliogopa sana, na aliogopa zaidi kwa sababu hakujua ni nini wamekosa.

Simu ilikuja Jumapili mchana. Namba hakuijua.

"Wewe ndio ulitengeneza picha za Kapteni?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, inayohema. Nyuma yake kwaya ilikuwa ikiimba. "Mimi ni Rachael, binti yake. Wametupatia hako kabuku hapa kanisani. Huyo mtu umeweka kando ya baba, ni nani?"

Beth alihisi aibu ya fundi aliyeshikwa. "Pole, Cucu," akamwita kama bibi yake mwenyewe. "Ni... nilijaza tu. Kulikuwa na pengo."

"Sikuuliza hiyo. Nimeuliza ni nani. Huyo mtu ako hai?"

Beth akakaa sakafuni na simu sikioni. Hakuwa amemwambia mtu yeyote picha ile ilikuwa ya nani.

"Kuja kwangu Gitothua, hapa Ruiru, saa hii," Rachael alisema. "Na usimwache huyo mtu peke yake."

Beth alimwacha Dismas na Aoko pamoja na ndugu wawili wa Aoko, mlango umefungwa kwa ndani, funguo mfukoni mwa Aoko. Kiama alikuja kumchukua kwa gari. Njia nzima alikuwa akisema hajui mama yake ana nini, kwamba ameondoka ibadani katikati ya mahubiri, kwamba uzee ni kitu kigumu.

Rachael alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, bado na kofia ya kanisani, kile kijitabu magotini. Alimtuma mwanawe jikoni akatafute chai ambayo hakuna aliyeitaka, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Nisikize vizuri, mwanangu. Baba alianguka mwaka wa sitini na tatu, hapo kwa kahawa, si mbali na hapa. Injini ilizima. Hiyo ndege ilikuwa na kiti kimoja. Kimoja. Na baba alisema, akiwa anaanguka, aliona mtu ameketi kando yake, kushoto, mahali hakuna kiti. Akaulizwa, utanipatia nafasi? Baba akasema ndio. Wewe ungesema nini? Ndege ikatua kwa kahawa kama kuku kwa mayai. Hata miwani haikuvunjika."

"Ni nani huyo?"

"Sijui. Baba hakujua. Si mtu aliyekufa, hiyo alikuwa na hakika. Ni kitu ya huko juu. Hakikuwa kibaya kwake, sitadanganya. Kilitaka nafasi yake tu. Kwa meza, kwa gari, kwa picha. Watu walisimama mbali bila kuambiwa, hata hawajui ni kwa nini." Akafungua kijitabu, akaweka kidole juu ya kichwa cha mwanamke mwenye kitambaa. "Mama yangu aliishi na baba miaka arobaini na moja. Hakuwahi kusimama kando yake tena. Alikufa akiwa nyuma. Baba alipokuwa karibu kufa akaniomba nikipokee. Nikakataa. Nilikuwa nimeona mama. Basi kikabaki kwa hizo picha. Ilikuwa na nafasi zake thelathini na moja, na ilitulia, miaka ishirini imetulia kwa sanduku. Sasa wewe umefunga zote."

"Nitazirudisha, Cucu! Niko na zile za kwanza kwa mashine. Nitamtoa bwana yangu Dismas, hata leo, hata saa hii—"

"Ukishamfukuza mtu kwake, atarudi akiitwa na nani? Baba ndiye alikuwa anaijua, na baba hayuko." Alimshika Beth mkono, vidole vyake vilikuwa baridi. "Bwana yako umemweka mahali pake bila kumwuliza. Hiyo kitu haijui kama amekubali. Itampeleka juu imwulize huko, vile ilimwuliza baba. Na inauliza mtu akiwa anaanguka."

Kapteni alikuwa na ndege chini yake; Dismas hangekuwa na chochote. Beth alifikiria hilo, na kabla hajamaliza kulifikiria simu yake ikalia, na ilikuwa ni Aoko analia, anasema hajui, anasema funguo bado ziko mfukoni mwake na mlango bado umefungwa, na Dismas yuko kwenye mnara wa tangi la maji.

Kiama aliendesha bila kuuliza. Rachael aliketi kiti cha nyuma akiwa ameshika kofia yake. Walipokaribia Thika akasema, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kufunga lango: "Kinataka mtu hai, na akubali mwenyewe. Njia nyingine sijui. Kama ningekuwa na nguvu ya mwili, pengine leo ningekubali. Lakini mimi nitakipa miezi mitatu, nife, halafu kitatafuta tena."

Watu walikuwa wamejaa chini ya mnara, na hakuna aliyekuwa akipiga kelele, na hicho ndicho kilichomtisha Beth kuliko yote, maana watu wa Landless hupiga kelele hata maji yakirudi kwenye mfereji, lakini sasa walisimama wameinua nyuso kwenye ukungu mweupe wa saa tisa mchana, na kule juu, ambapo vyuma vilikuwa vinapotea, aliona viatu vya mumewe, vile vya kazini alivyompigia rangi yeye mwenyewe, nusu ya nyayo ikiwa juu ya ubao na nusu hewani, na juu zaidi mlio ule ulikuwa ukizunguka, karibu, ukiteremka kwa kila mzunguko, na harufu ya dawa ilikuwa nzito hadi watoto walikuwa wakikohoa na mama zao wakiwafunika pua kwa leso, na Dismas alikuwa akicheka kidogo na kusema, kwa sauti iliyowafikia wote kana kwamba alikuwa mezani nao, "Bado, bado hujaniuliza, ngoja basi nitoke hapa uniulize."

Ndugu ya Aoko alikuwa ameanza kupanda ngazi ya chuma. "Shuka," Beth akamwambia. "Ukimgusa anaenda."

Alitembea hadi mahali palipokuwa wazi chini ya mnara. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda kwa miaka kumi na minne, na mikono yake yote miwili kwenye stuli, na alijua vizuri anachotaka kukitoa, kwa maana alikuwa ameuona uso wa yule mwanamke mwenye kitambaa mara thelathini na moja, ameukuza, ameusafisha, amemwondolea hata mikunjo.

Alisogea hatua moja kulia, akaacha nafasi.

"Mimi ndio nilikutoa," alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mimi ndio nilikutoa kwako. Huyo hajui chochote, sikumwuliza. Kuja kwangu. Upande wangu wa kushoto ni wako. Nimekubali mwenyewe, na miguu yangu iko chini."

Mlio ukakatika.

Kilikuwa kimya kile kile cha Alhamisi, na Beth alisimama ndani yake akisubiri kishindo cha mwili kwenye saruji. Hewa ya kushoto kwake ikawa baridi. Kitu kilikaa sawa pale, polepole, jinsi mzee anavyojipanga kwenye benchi la kanisa, na Beth hakugeuza kichwa.

"Mama Auma!" Dismas alipaza sauti huko juu, sauti yake mwenyewe, ya woga mtupu. "Mama Auma, woi! Nani amenileta huku? Nishusheni! Nishusheni mimi nitakufa!"

Watu wakaangua kilio na kicheko pamoja. Wanaume wakapanda, wakamfunga kamba kiunoni, wakamshusha ngazi kwa ngazi akiwa amefumba macho na kutaja majina ya babu zake wote. Aoko alikuja mbio na mikono wazi kumkumbatia Beth. Alikuja kutoka kushoto, akafika karibu, akazunguka mbele yake, akamkumbatia kutoka kulia. Mwenyewe hakujua amefanya hivyo. Umati ukamsonga Beth kutoka kila upande ila mmoja.

Rachael alikuwa ameteremka garini. Alitazama mara moja, akavua kofia yake, akarudi kuketi.

Nyumbani walimpa Dismas chai ya sukari nyingi. Alikunywa vikombe vitatu, akawatania ndugu za Aoko kwamba hata kuku wanawashinda kwa ulinzi, akapiga simu shuleni akaongea na binti yake hadi mwalimu wa zamu akaomba simu yake. Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Ilikuwa bado haijafika saa moja, na redio ilikuwa ikisoma habari.

Dismas alisimama, akajinyoosha, akaja kwenye kochi alipokaa mkewe. Alikuwa na kawaida yake ya kuketi kushoto kwake na kumwegemezea kichwa begani, mtu mzima na uzito wake wote, na kwa siku tatu zile Beth alikuwa ameomba hilo tu, aupate tena ule uzito.

"Usikae hapo," alisema.

Dismas alicheka. "Kwani kuna nani?"

Beth alikuwa akilitazama godoro la kochi upande ule, jinsi lilivyokuwa limebonyea.